Mikono ya Siku ya Mgeni

Jamani, ualimu una uchawi wake, na uchawi mwingine haufundishwi chuoni. Hufundishwa kwenye chumba cha walimu, chai ikipoa mezani, na mtu aliyezeeka na kazi.

Aliyefundishwa siku hiyo alikuwa binti mmoja wa chuo cha ualimu, aliyeletwa shuleni hapo kwa mazoezi ya kufundisha. Alikuwa mwembamba, mrefu, amenyooka, na mama yake alikuwa fundi cherehani, basi watoto hawakukawia: wiki ya kwanza tu wakambatiza Mwalimu Sindano. Aliyemfundisha uchawi alikuwa mwenye darasa lenyewe, mzee waliyemwita Mzee Chaki, maana koti lake halikuwahi kuonekana bila vumbi jeupe mabegani.

"Kesho mgeni wako anakuja, siyo?" Chaki akamuuliza.

Mgeni ndilo jina walilompa mkufunzi kutoka chuoni, yule anayekaa nyuma ya darasa kumpima mwanafunzi wake akifundisha. Siku hiyo moja ndiyo huamua. Ukifaulu, unatoka mwalimu. Ukianguka, unarudia mwaka, na Sindano alijua fika kuwa mama yake hana tena macho wala mgongo wa kushona mwaka mwingine kwa ajili yake.

"Anakuja, mzee. Na darasa lenyewe ndilo hili. Nikiuliza swali wananyoosha wale wale wachache, waliobaki wananitazama kama nimewauliza habari za mbinguni."

"Aa, huo ni ugonjwa mdogo." Chaki akavuta chai kwa sauti. "Waambie wote wanyooshe. Anayejua anyooshe mkono wa kulia, asiyejua wa kushoto. Wewe unaita wa kulia tu. Mgeni akitazama anaona mikono imejaa darasa zima, na kila unayemwita anapata. Funika kombe mwanaharamu apite!"

Sindano akacheka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu alikuwa ameandika insha ya chuo, ile ya Lengo la Elimu, na humo alisema kwamba kazi ya mwalimu ni kumtafuta mtoto aliyejificha. Mkufunzi aliisifu mbele ya wenzake wote. Lakini insha ni insha, na kesho ni kesho. Mchana huohuo akawapanga watoto.

Watoto waliupenda mchezo huo kupita kiasi. Kulia! Kushoto! Kulia! Walipigana viwiko, wakaangua vicheko, na mvulana mmoja waliyemwita Redio, kwa kuwa hazimiki, akanyoosha mikono yote miwili asije akakosa. Ni msichana mmoja tu aliyekuwa akiitazama mikono yake kwa makini, mmoja mmoja, kana kwamba anaichagua sokoni.

Huyo aliitwa Kobe. Alikaa dawati la nyuma kabisa, karibu na dirisha lenye kioo kilichovunjika, na jina alipewa na wenzake kwa ajili ya uandishi wake: wengine wanapofunga daftari, yeye bado anapiga mstari wa pambizo. Swali likimfikia lilikaa hapo hapo mpaka kengele. Sindano naye, Mungu amsamehe, alishaanza kumwita Kobe kama wao.

"Na mimi, mwalimu?" Kobe akauliza.

"Wewe kushoto, mama," Sindano akajibu huku akifuta ubao, wala hakugeuka. "Kushoto. Usije ukasahau."

Mgeni akaja kesho yake, kipindi cha mwisho, siku ya Ijumaa. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye miwani na mkoba uliochanika pembe. Akawasalimu watoto, wakamwitikia kwa sauti ya kubomoa paa, akaenda kujibana kwenye dawati tupu la nyuma, jirani na Kobe, magoti yakimfika kidevuni.

Somo lilikuwa la sehemu. Sindano aligawa vipande vya karatasi, vyote vya urefu mmoja, akawaambia wavifanye mikate. Kipande kimoja wakikunje sehemu tatu sawasawa, kingine sehemu nne. Roho ilikuwa mkononi, lakini alijikaza kisabuni. Akaandika ubaoni, akageuka, akauliza swali lake kubwa la siku.

"Kipi kikubwa? Theluthi ya mkate, au robo ya mkate? Na kwa nini?"

Lo! Mikono ikaruka juu darasa zima. Usingeona ukuta wa nyuma. Sindano akatabasamu kama mtu aliyezoea mambo hayo, macho yake yakipita haraka haraka: kushoto, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Akamwona na Kobe. Kobe alikuwa amenyoosha mkono wa kulia.

Maskini, amechanganya, Sindano akawaza. Nilimwambia kabisa. Akampita, akamwita Redio. Redio akasimama akajibu kwamba theluthi ni kubwa kwa kuwa mwalimu alisema jana. Jibu lilikuwa sahihi, na sababu, tuseme, ilikuwa ya Redio. Akauliza tena, akaita mwingine. Akauliza tena. Kila mara mkono wa Kobe ulikuwa juu, wa kulia, na ulipochoka akaushikilia kwa ule wa kushoto usianguke. Sindano akakunja uso kidogo, akamwonyesha kwa jicho: teremsha. Mtoto akateremsha.

Kengele ilipolia watoto walimwagika nje. Sindano alibaki na mgeni wake na vipande vya karatasi vilivyotapakaa sakafuni. Mkufunzi hakuinuka kwenye dawati. Alimalizia kuandika, akafunga kalamu, akasema, "Hongera, mwanangu. Nimekupa alama ya juu. Umefaulu."

Sindano alitaka kuruka. Alitaka kutoka mbio akampigie mama yake simu. "Ahsante sana, mwalimu. Ahsante."

"Kulia wanaojua, kushoto wasiojua," mkufunzi akasema taratibu. "Siyo?"

Damu ikamkimbia usoni.

"Usiogope. Niligundua tangu swali la kwanza. Na mimi nilifanya hivyo hivyo enzi zangu, na mkufunzi aliyenipima aliniambia naye alifanya. Kama ningewaangusha wote wanaofanya, shule zingefungwa." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Hilo halinisumbui sana. Kinachonisumbua ni huyu jirani yangu wa hapa. Alinyoosha wa kulia kipindi kizima. Mbona hukumwita?"

"Alichanganya mikono, mwalimu. Huyo huwa hajui."

"Ulimuuliza?"

Sindano akalitazama dawati la Kobe.

"Ulipomwambia ateremshe, aliniambia mimi." Mkufunzi akaokota karatasi mbili juu ya dawati la Kobe, moja imekunjwa sehemu tatu, nyingine sehemu nne, akaziweka moja juu ya nyingine. Mikunjo ilikuwa imenyooka, ya mtu aliyechukua muda wake. "Aliniinamia sikioni, akaninong'oneza: robo ni ndogo kwa sababu mlaji mmoja ameongezeka. Nyumbani kwao, anasema, binamu yake alipohamia, vipande vya mkate vilipungua siku hiyo hiyo. Kumbe ubaoni ulikuwa unauliza habari za kwao. Katika darasa zima hakuna aliyetoa sababu nzuri kama hiyo, na aliyeisikia ni mgeni peke yake."

Sindano alishika ukingo wa dawati. "Basi nipunguzie alama, mwalimu. Tafadhali. Niandike nilivyo."

"Nikikupunguzia wewe, mtoto ataongezewa nini?" Akauweka mkoba begani, akampa mkono. "Jumatatu upo, siyo? Basi."

Nyumbani, mama mtu alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Aliacha gauni la mteja likining'inia kwenye cherehani, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado, akamkumbatia bintiye na futi ya kupimia ikiwa shingoni. Sindano akajaribu kucheka naye, kicheko hakikuja. Mwishowe akamweleza yote, mpaka la Kobe.

"Haya, na kosa liko wapi?" mama akasema. "Mgeni akija, nani haingizi uchafu uvunguni? Mimi mwenyewe mteja akija kupima namwonyesha upande wa nje, upande wa ndani wenye nyuzi anauonea wapi?"

"Mama, huyo ni mtoto. Nilimwingiza uvunguni mtoto."

Mama akarudi kukaa kwenye cherehani. Baadaye kidogo akasema, kwa sauti ya chini, "Basi Jumatatu mtoe." Akaikanyaga pedali.

Ni rahisi kusema. Jumamosi Sindano aliitoa ile insha yake ya Lengo la Elimu, akaisoma amekaa ukingoni mwa kitanda. Ilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Ilijaa nuru na ufunguo na mbegu. Alipofika pale pa kumtafuta mtoto aliyejificha, akashindwa kuendelea, maana huyu wake hakujificha. Alinyoosha mkono mpaka ukamuuma. Kilichomchoma zaidi hakikuwa ule mchezo wa mikono. Kwa wiki zote alizofundisha, ile ilikuwa mara ya kwanza watoto kumwambia ukweli: mimi hapa sijui, mwalimu, mkono wangu huu. Mwalimu mwenye akili angeifuata mikono ya kushoto, mmoja mmoja, dawati kwa dawati. Yeye aliitumia kama alama ya mahali pa kutopita. Na aliyethubutu kuhama upande, baada ya kuhangaika na karatasi zake mpaka akajua, akamrudisha kwa jicho. Sasa shule ni ya nini, kama si kwa ajili ya siku ile mtoto anapohama upande? Alijiuliza hivyo, akalia, na kulia kwenyewe hakukumsaidia kitu.

Jumatatu aliingia darasani mapema. Akasema mchezo umekwisha, hakuna kulia wala kushoto, kila mtu anyooshe mkono anaoutaka, na asiyejua ndiye atakayeitwa kwanza. Watoto wakatazamana. Kisha akaandika ubaoni swali jipya, akalilenga moja kwa moja kwenye dirisha lililovunjika: kipi kikubwa, robo ya mkate au moja ya tano?

Redio akanyoosha, bila shaka. Wale wale wachache wakanyoosha. Wengine wakashusha macho kwenye madawati, kama zamani. Kobe hakunyoosha kulia wala kushoto. Alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili.

Sindano akapita katikati ya madawati mpaka nyuma. Akachuchumaa mbele yake, sketi yake ikagusa vumbi.

"Ijumaa ulijua," akamwambia polepole. "Ulijua, na mimi sikukuita. Nilikosea sana. Nisamehe."

Mtoto hakuzoea kuombwa msamaha na mtu mzima. Akatazama pembeni. "Si neno, mwalimu."

"Na swali la leo unalijua?"

Kobe akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa mbona hunyooshi?"

"Si leo hakuna mgeni?" Kobe akasema. Hakusema kwa kiburi, wala kwa kinyongo. Alisema kwa upole, kama anayemkumbusha mkubwa jambo alilolisahau.

Sindano alihisi machozi yakipanda, akayameza, kwa sababu hayakuwa na kazi pale. Akavuta lile dawati tupu alilokalia mkufunzi, akajibana humo, magoti juu.

"Basi niambie mimi," akasema.

Kobe akaitoa mikono yake taratibu, yenye alama za mbao. Akageuka kutazama mlangoni kwanza, ahakikishe hakuna mtu anayeingia, kisha akamwinamia mwalimu wake sikioni na kuanza kunong'ona.