Kina cha Wadakaji wa Kessler

Jumanne ya mwisho ya Julai, saa moja na nusu asubuhi, Marlys Hruska alikuwa akikwangua mkate ulioungua juu ya sinki aliposikia redioni kwamba Wavunaji wa Kessler, timu ya besiboli ya mji wake, wamewatoa wadakaji wawili kwa mpigo. Pruitt, mdakaji wa kwanza, amekwenda Nebraska. Kolb, wa pili, amekwenda Minnesota. Kwa kubadilishana, timu imepata mrushaji mmoja wa mkono wa kushoto, na mchezaji mwingine ambaye jina lake litatajwa baadaye.

"Kwenye udakaji tuna kina, wa akiba hawakosi," alisema Brent Lindahl, meneja wa klabu, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri. "Mashabiki wasiwe na wasiwasi."

Marlys alizima redio. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekalia kiti kilekile, safu ya tatu, nyuma kabisa ya mdakaji, na kuhesabu alijua. Wadakaji watatu ukitoa wawili anabaki mmoja, na huyo mmoja alikuwa mezani kwake anakula mayai.

Eliseo Bencosme alikuwa na miaka thelathini na mitatu na magoti ya mtu wa hamsini. Tangu Aprili alilala kwenye chumba cha chini cha nyumba ya Marlys, kwa kuwa wachezaji wa ligi ndogo hulala kwa watu wa mji, na Marlys alikuwa akilaza wadakaji tangu wanawe walipohama. Kwao Eliseo ni Moca, Jamhuri ya Dominika. Huko alikuwa na binti wa miaka minane, Yokasta, aliyeahidiwa kwamba Septemba hii watashindana mbio mpaka dukani. Mwaka jana baba alitazama mbio hizo kutoka kitini.

"Umesikia?" Marlys aliuliza.

"Nimesikia, Mama."

"Utadaka kila siku."

"Kila siku."

"Na Jumapili kuna mechi mbili."

"Mama, mkate huo ushaisha. Sasa unakwangua sinki."

Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji na kuinuka mara mia na hamsini kwa mechi moja. Ndiyo maana timu yenye akili huweka watatu, wapokezane. Jambo hili kila mtu mjini Kessler alilijua, pamoja na watu wasioupenda mchezo.

Jumatano mchana, katika awamu ya nne kati ya tisa, Marlys aliona visigino vya Eliseo vimeingia ardhini. Alidhani ni mvua ya juzi. Katika awamu ya tisa udongo ulikuwa umefika kwenye vifundo vya miguu. Mtunza uwanja alileta toroli la udongo wa mfinyanzi, akajaza, akashindilia, akamwagia maji. Alhamisi ikawa vilevile. Ijumaa mtunza uwanja alileta matoroli mawili. Jumapili, baada ya mechi ya pili, Eliseo aliposimama wima, kingo za shimo zilimfika magotini na zaidi.

"Anazama huyu," alisema Gordy Fett, jirani wa Marlys wa kiti cha pili, mzee aliyepima magari ya mahindi kwenye mizani ya ushirika mpaka alipostaafu.

"Naona."

"Mimi ningesema inchi thelathini."

Marlys alichukua futi ya utepe kwenye mkoba, akashuka, akainama, akapima. Zilikuwa thelathini na moja. Gordy akasema yeye kazi yake ilikuwa uzito, urefu haukumhusu.

Kesho yake haikuwa na mechi. Walimpeleka Eliseo kwenye mizani ya ushirika, wakamsimamisha peke yake katikati ya lile jukwaa refu la kupimia malori. Mizani ile huhesabu kwa ishirini ishirini tu, kwa kuwa haikutengenezwa kwa ajili ya watu. Ilisoma ratili mia sita na ishirini.

Dereva wa lori lililokuwa nyuma alipiga honi. "Jamani, nina mahindi huku!"

"Na mimi nina mdakaji!" Gordy alimjibu. Akatoa mfukoni kijitabu cha msimu chenye picha na vipimo vya wachezaji wote, akalamba kidole, akafungua. Pruitt, ratili mia mbili na kumi na tano. Kolb, mia moja tisini na nane. Bencosme, mia mbili na saba. Alijumlisha kwa kalamu kwenye kiganja.

"Imetimia," akasema.

"Wenyewe wameondoka," Marlys alisema, "uzito wameuacha."

Eliseo alishuka kwenye mizani akipapasa tumbo. "Nilidhani ni zile kolachi zako, vile vimkate vitamu vya plamu, Mama."

"Kolachi zangu hazina kosa. Panda gari. Panda nyuma, katikati."

Timu, kwa upande wake, ilianza kushinda. Glavu ya mdakaji ikikaa chini, mrushaji hutupa chini, na mpira wa chini ni mgumu kupigwa. Yule mrushaji wa mkono wa kushoto alisema hajawahi kudakiwa vizuri namna ile maishani mwake. Walishinda mechi saba kati ya tisa. Mtunza uwanja aliacha kujaza udongo, akaagizwa azungushie shimo mbao nyeupe ili lipendeze. Mwamuzi alianza kuja na mto wa kupigia magoti. Zamu ya Eliseo ya kupiga mpira ilipofika, kumtoa shimoni kulichukua muda mrefu, kwa hiyo klabu ilikubali ahesabiwe ametoka bila kupiga, na mchezo ukaendelea. Gordy alileta ngazi ya alumini kutoka bandani kwake, na tangu siku hiyo Eliseo akawa anapanda mwenyewe baada ya mechi, taratibu, akipumzika kila kidato.

Katikati ya Agosti, akichuchumaa, kilichoonekana juu ya ardhi ni glavu tu.

Shida ikawa wakimbiaji. Mtu akichomoka kwenda kituo cha pili, mdakaji ndiye wa kumrushia mwenzake mpira amzuie. Aliye shimoni haoni anayekimbia. Siku ya kwanza Wavunaji waliibiwa vituo vitano. Siku ya pili Marlys alisimama kwenye safu ya tatu na sauti yake yote.

"Ya pili! Anakwenda ya pili!"

Mpira ulitoka ardhini kama umerushwa na chemchemi, ukafika kituo cha pili, mkimbiaji akatolewa. Watu walipiga makofi. Marlys aliketi, akajaza daftari lake la mchezo, na tangu hapo hakukosa hata mechi moja. Kwenye kliniki ya meno alikofanya kazi ya kusafisha meno, aliomba awe anatoka saa sita.

"Sauti hiyo," Gordy alimwambia, "ulikuwa unamwitia nani zamani? Maana marehemu mumeo alikuwa mtu wa kukaa karibu."

"Nilikuwa nawaita wanangu kula. Na walikuja. Wewe kula hizo karanga zako."

Jioni moja, Eliseo alizungumza na binti yake kwa simu akiwa ameketi sakafuni, kwa sababu viti viwili vya jikoni vilikuwa vimeshavunjika. Marlys hakujua Kihispania zaidi ya maneno ya kliniki: fungua, funga, sukutua. Alisubiri amalize.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia mbio za mwaka huu tutazikimbia mwakani."

"Akasemaje?"

"Ameuliza kama mwakani nitakuwa nimechoka pia." Aliweka simu mezani kwa kunyoosha mkono juu. "Siku moja tu, Mama. Ningepata siku moja ya kukaa benchi, nile mbegu za alizeti niteme maganda kama watu wengine. Magoti yangeshukuru."

Alhamisi iliyofuata, saa tatu asubuhi, Brent Lindahl aliletwa na zamu yake kwenye kiti cha kliniki. Marlys alikuwa amesafisha meno yake tangu yalipokuwa ya utoto. Alimfunga kitambaa kifuani, akakilaza kiti, akawasha taa.

"Fungua mdomo, Brent. Pana. Bado hupitishi uzi kwenye magego, nilikwambia Februari. Sasa nisikilize. Eliseo yuko futi sita chini. Yule mchezaji wa kutajwa baadaye, ametajwa?"

"Aa-aa," alisema Lindahl.

"Mtataja lini?"

"Aa-aa-aa."

"Nataka mdakaji wa pili. Si lazima awe mzuri. Awe na mikono miwili tu, adake siku moja kwa wiki, mwenzake apumzike. Kila mtu mji huu anaona. Mmezungushia mbao nyeupe, Brent! Ukimzungushia mtu mbao, umemwona. Sukutua."

Lindahl alisukutua, akatema, akajifuta midomo. Hakuwa amekasirika. Tangu utotoni hakuwa mtoto wa kukasirika.

"Bi Hruska," akasema, "lakini tunaye." Aliingiza mkono kwenye koti lililoning'inia, akatoa orodha ya kikosi iliyopigwa chapa na kukunjwa mara nne. Kwenye mstari wa wadakaji palikuwa na namba moja, E. Bencosme. Chini yake, namba mbili, M. Ruska, safu ya tatu.

"Huyu ni mimi," Marlys alisema.

"Tangu jana. Kocha anasema theluthi ya kazi ya mdakaji ni kuona, na wewe ndiye unayeona. Hatukutaka kukusumbua kwa makaratasi."

Marlys aliisoma orodha ile mara mbili. Angeweza kuichana, mikono yake ilikuwa na nguvu za kutosha. Alifikiria ngazi ya alumini na vidato vyake kumi na viwili. Alifikiria pia kwamba Lindahl angepiga chapa nyingine kabla ya chakula cha mchana, na jina hili lisipokuwepo lisingewekwa lolote.

"Andika vizuri," akasema. "Hruska ina h mbele."

Lindahl aliomba kalamu, akaongeza herufi. Hapo ndipo kigoda cha Marlys kilipolia na kushuka inchi mbili. Marlys alikirekebisha kwa mguu.

"Lala. Bado kung'arisha."

Alasiri hiyo ngazi za jukwaa zililia chini yake moja baada ya nyingine. Alipoketi, zege chini ya kiti lilipata ufa mwembamba, na Gordy akasogeza mfuko wake wa karanga usimwagike.

"Umepewa uzito wa nani?"

"Wa Kolb, nadhani. Unanielemea mabegani. Kolb alikuwa na mabega."

"Mia moja tisini na nane," Gordy alisema kwa heshima. "Tukuongezee na wako, jumla..."

"Wangu haukuhusu, Gordon."

Jumatatu walimrudisha Eliseo kwenye mizani ya ushirika. Ilisoma mia nne na ishirini. Shimo lilikuwa limeanza kupanda lenyewe, inchi tatu kwa siku, na mtunza uwanja ikabidi apunguze mbao. Uzito wa Pruitt ulibaki palepale. Siku ya benchi haikupatikana pia, maana mdakaji wa pili alikuwa tayari na kazi yake kwenye safu ya tatu, na klabu haikuona sababu ya kuleta wa tatu. Eliseo alidaka Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Nyumbani Marlys alihamishia kitanda chake chumba cha chini, upande wa pili wa pazia, kwa kuwa sakafu ya ghorofani ilikuwa imeanza kunung'unika. Asubuhi walisaidiana kuinuka.

Jumamosi redio ilisema klabu imemtoa mlinzi wa kituo cha tatu na kupata mchezaji ambaye jina lake litatajwa baadaye. Lindahl alisema kina cha Wavunaji ni cha kutolewa mfano kwenye ligi nzima, na akawashukuru mashabiki kwa mchango wao. Marlys hakuzima. Alikuwa na unga mikononi, na kutoka alipokuwa mpaka kwenye redio zilikuwa hatua nne.

Mechi ya mwisho ya msimu ilichezwa Jumapili, saa saba mchana, jua kali, uwanja umejaa. Gordy alifika akitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Aliketi polepole. Zege likajibu.

"Wa yule wa kituo cha tatu?" Marlys aliuliza.

"Wa tatu. Eti napenda kupiga kelele mpira ukipita upande ule. Wameliandika jina langu kwa t moja."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

Katika awamu ya tisa, Wavunaji wakiongoza kwa bao moja na wageni wakibakiza mtu mmoja tu wa kutolewa, mkimbiaji wao alitua kituo cha kwanza akaanza kuchezesha miguu. Marlys alisimama. Mtu wa uzito wake wa sasa hasimami kwa mara moja, kwa hiyo alianza mapema, na Gordy akamsukuma kwa bega. Mrushaji alirusha. Mkimbiaji akachomoka.

"Ya pili!"

Eliseo aliinuka na mpira mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu mwanzo wa Agosti alionekana mpaka kiunoni, udongo ukimporomoka kwenye jezi. Akarusha. Mkimbiaji akatolewa, uwanja ukalipuka, kipaza sauti kikatangaza ubingwa na kina. Wenzake walikimbilia kwa mrushaji. Eliseo alivua barakoa ya waya, akageuka nyuma kumtafuta aliyekuwa akimpigia kelele wiki zote hizo, akamwona mbele ya kiti chake, zege limemfika kwenye vifundo vya miguu.

"Mama," akasema, "unazama."

"Najua," Marlys alisema. "Vaa barakoa yako. Yule mwamuzi bado hajapiga filimbi."

Gordy alisema besiboli haina filimbi. Marlys alimwambia anyamaze, amshike mkono, avute.