Farasi Arobaini wa Marehemu Kubat

Wanaume wa bonde la Kochkor wanajua kulia msibani. Huanza hatua hamsini kabla ya kufika, mikono kiunoni, "Ee ndugu yangu!", wakishanawa, mbio kwenye nyama. Machozi hukauka kabla ya mikono.

Ndani ya hema la sufu, Saikal wa miaka kumi aliketi na mama yake, Nurbubu, migongo mlangoni, nyuso ukutani. Kila wageni wakifika, sharti binti amwimbie baba yake aliyefariki, Kubat. Siku ya pili sasa, Saikal hajatoa hata mguno.

"Hana uchungu huyu," wanawake walinong'ona, mnong'ono wa kusikika mpaka mtoni.

"Watoto wa siku hizi, dada! Simu ikizima ndiyo utawasikia."

Fundi wa msiba alikuwa shangazi Batma, ambaye miaka sita hakukanyaga kwa kaka yake, eti nyumba ya mchunga kondoo wa watu inanuka. Akamfinya mtoto.

"Imba nilivyokufundisha! Baba yangu simba, farasi wake arobaini walijaza bonde."

"Lakini shangazi, huyo si baba."

"Nani kakwambia maombolezo ni ya baba? Ni ya wageni!"

Ukweli ulimponyoka. Siku mbili Saikal alikuwa akimtafuta baba yake ndani ya nyimbo zile, hamwoni. Akimlilia huyo simba, wake ataliliwa na nani?

Vilio vikasikika tena nje. Saikal akafungua kinywa.

"Baba yangu muunguza viazi, eee! Baba yangu mwoga wa bata, nani atanisuka tena nywele zikaenda upande?"

Batma akamkanyaga. "Farasi! Taja farasi!"

"Farasi alikuwa naye mmoja tu, baba yangu, na ndiye mnayemtafuna!"

Nje, taya zikasimama. Mzee mmoja akautoa mfupa mdomoni, akautazama kama umemwita jina.

"Mtoto ana homa, jamani," Batma akaanza, "msimsikil—"

"Na alikoroma, eee!" Nurbubu akaitikia kwa sauti mbovu, yeye aliyekuwa kimya tangu jana. "Alikoroma mpaka mbwa wakahama!"

Saikal akamwangukia mama yake, akalia sasa, kamasi na kila kitu.

Wageni wawili watatu, nawasifu, walisukuma sinia kando. Wengine walingoja wimbo uishe, nyama mkononi.