Joto la Kaka

Kaka yangu ana ugonjwa wa kushika bisibisi. Akija kumwona baba siku za Jumapili hakai kitako kama watu. Anazunguka nyumba akitafuta kilicholegea, na asipokipata anakilegeza mwenyewe. Kisha anakunywa chai, anasifiwa, anaondoka. Ninayebaki na baba ni mimi, na mashuka ya baba, na mashine ya kukaushia nguo iliyokuwa ikinguruma kutwa nzima, maana mvua zilikuwa zimegoma kukatika na mzee aliyelala kitandani hawezi kusubiri jua.

Wakati huo baba alikuwa anakohoa, kikohozi kikavu cha kumkunja mgongo. Daktari alibadilisha dawa, akabadilisha tena, mwishowe akaniambia mapafu ya mzee yamechoka, hali ikiendelea hivi atalazwa, na kwa umri wake hakuniahidi kwamba atarudi nyumbani. Niliogopa. Kila asubuhi nilifuta dirisha la chumba chake lililolowa kwa ndani, nikaulaumu msimu. Yeye mwenyewe hakulalamika. "Kijana kaniletea joto," alikuwa akisema, "Mungu ambariki." Nilidhani anazungumzia blanketi alilonunuliwa na kaka.

Siku moja mashuka yakatoka kwenye mashine yakiwa bado mabichi. Chujio linalonasa manyoya ya nguo nalisafisha kila nikimaliza kukausha, kwa hiyo nikajua tatizo liko kwenye bomba. Bomba hilo linaanzia mgongoni mwa mashine, linapenya ukuta na kutema hewa ya moto uani. Manyoya ya nguo yakijaa humo, nguo hazikauki, na ukizidi kupuuza yanaweza kushika moto. Nikaiacha mashine inazunguka, nikachukua brashi ndefu, nikatoka nje. Kifuniko cha tundu kilikuwa kimefunga, buibui kajenga juu yake. Nikakiinua na kuingiza mkono. Baridi tupu.

Nikarudi ndani, nikazima mashine, nikaivuta kwa nguvu zangu zote hadi ikachora sakafu. Bomba halikwenda nje. Lilikuwa limegeuzwa, limezungushiwa selotepu kama mguu uliovunjika, na kupitishwa kwenye tundu jipya la ukuta wa pembeni. Nyuma ya ukuta huo ndiko anakolala baba.

Nikaenda kwake, nikapiga magoti, nikachungulia chini ya kitanda. Mdomo wa bomba ulikuwa pale, umevishwa soksi ya baba, ile ya sufu niliyoitafuta nyumba nzima. Soksi ilikuwa imejaa ikapasuka. Manyoya ya kijivu yalikuwa yametanda chini ya godoro, na ukuta umeota ukungu mweusi. Hiyo ndiyo hewa aliyokuwa anavuta mzee wangu, na kila shuka nililokausha nilikuwa nampulizia mimi mwenyewe kwa mkono wangu.

Nikampigia kaka. Sikumsalimia.

"Njoo."

"Kuna nini? Baba vipi?"

"Baba yupo. Njoo uone kazi yako."

Alifika upesi, na mkoba wake wa vifaa begani, hata siku hiyo. Nilikuwa nimeshamhamishia baba kwenye kiti cha sebuleni na kuirudisha mashine mahali pake. Nikamwonyesha kaka kitanda.

"Lala."

"Dada, tuongee kwanza."

"Lala, kaka. Tutaongea ukiamka."

Nadhani uso wangu ulimtisha, maana alilala na viatu vyake. Nikafunga dirisha, nikawasha mashine na yale mashuka mabichi, nikafunga mlango na kusimama nje nimekunja mikono. Haikuchukua muda akaanza kukohoa. Nikamwacha akohoe. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na nyusi zimeota mvi za manyoya ya nguo.

"Nilitaka baba apate joto," alisema. "Lilikuwa linapotea bure uani. Na soksi niliiweka ichuje."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa. Mashine naiendesha mimi, mgonjwa namuuguza mimi, wewe unangoja niende sokoni utoboe ukuta, halafu nikirudi unakunywa chai yangu. Daktari anataka kumlaza baba kwa ajili ya ujanja wako."

Akafungua mkoba, na safari hii nilimsimamia. Akalichomoa bomba na kulisugua. Nilipochungulia na kuona bado, nikamrudisha asugue tena. Akalielekeza uani lilikotakiwa kuwa, akaziba tundu, akaosha ukuta wote kwa sabuni. Nikatoka nje kuhakikisha. Kifuniko kilikuwa kinapigapiga na hewa ya moto inatoka. Kaka akaondoka bila chai, na mimi sikumkaribisha.

Jioni nilimrudisha baba chumbani. Dirisha nililolifungua tena lilikuwa limeshinda wazi na hewa ilikuwa safi, ila palikuwa na ubaridi. Akajivutia blanketi hadi kidevuni.

"Mwambie kaka yako anirudishie joto langu," alisema. "Yule mtoto ananijali."

Hasira niliyodhani nimeimaliza mchana ikanipanda upya, na sasa ilikuwa juu yake yeye, baba yangu mzazi.

"Lile joto lilikuwa la mashuka yako, baba," nikamwambia. "Mashuka unayoyakojolea usiku. Nayafua mimi, nayakausha mimi. Kaka aligeuza bomba tu."

Neno lile halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba yetu. Nilikuwa nikiyatoa mashuka na kutandika mengine huku tukizungumzia mvua. Baba akanitazama mpaka nikataka kutoka. Kisha akautoa mkono chini ya blanketi akaniwekea juu ya wangu. Ulikuwa wa baridi kweli. Nikaufunika kwa viganja vyangu na kukaa pale, hasira zikiwa bado zimenikaba, hadi ukapata moto.