Masega ya Mwalimu Maimuna

Katika miaka kumi na minne ya kufundisha udereva Magomeni, Mwalimu Maimuna hakuwahi kukosa jibu. Taa ya injini ilipowaka kwenye gari lake la kufundishia, hakumuuliza mtu. Alinunua sensa ya oksijeni Kariakoo, ikafungwa, taa ikazimika siku mbili, ikawaka tena. Akanunua ya pili. Ikawaka. Mwisho akaifunika kwa stika ya maua, akawaambia wanafunzi ni pambo.

Jumanne moja Violeth, mwanafunzi anayeandika kila kitu daftarini, akaibandua. "Mwalimu, mbona hapa chini panawaka?"

Hapakuwa na ujanja tena. Wakaenda kwa fundi Haruna, Buguruni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Angalia sensa."

Haruna akaingia uvunguni, akagonga bomba la moshi kwa spana. Likalia kama debe tupu.

"Mama, sensa zote mbili ni nzima kabisa. Moja inapima moshi kabla ya masega, yale ya kuchuja moshi ndani ya bomba, nyingine baada ya masega kuusafisha. Sasa zote zinaona moshi uleule, ndiyo maana taa haizimi. Masega hayamo humu. Nani kayatoa?"

Maimuna alimjua vizuri. Ni yeye mwenyewe, mwaka jana, jirani alipomwambia gari litakuwa jepesi. Alimsimamia fundi mwingine kwenye gereji za Gerezani, mikono kiunoni, kama injinia. Akafungua mdomo aseme "wezi".

"Si wewe, Mwalimu?" Violeth alishafungua daftari. "Somo la tano: 'Masega yanabana injini, yatoeni.' Ukapigia na mstari ubaoni."

Haruna akaanza kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

Maimuna akakaa juu ya tairi kuukuu. Aibu ikampanda hadi masikioni, kisha kicheko kikamtoka. Mtu mzima, sensa mbili, zipime kitu alichokitoa mwenyewe! Akaandika kwenye grupu la wanafunzi: "Somo la tano lifuteni. Nilidanganya bila kujua. Msitoe masega."

Goodluck, aliyehitimu Januari, akajibu papo hapo: "Mwalimu, mimi nimetoa wiki iliyopita. Taa inawaka. Ninunue sensa?"

"Usinunue!" Maimuna akaifokea simu. Kisha kwa sauti ndogo: "Haruna mwanangu, tafuta masega ya magari mawili."

"Alhamisi, mama."

Violeth akashika usukani. Hadi Magomeni, Mwalimu hakumsahihisha hata mara moja.