Kuku Wasiofungwa Miguu

Mteja wa kweli wa kuku utamjua kwa vidole. Anaingiza mkono kwenye kizimba, anambonyeza kuku kifua, anapuliza manyoya ya mkiani aone mafuta, halafu anakutazama kama umemwibia. "Mama Disebo, huyu kuku au mfupa umevaa koti?" Mnabishana mpaka mate yanakauka. Akishakubali anasema, "Nifungie." Ninachukua kitambaa, ninamfunga kuku miguu, mteja anamning'iniza kichwa chini na kwenda zake. Kila anayenunua kuku wa kula hufungiwa.

Ntate Tshokolo, yaani Baba Tshokolo kwa lugha yetu, hakuwa mteja wa namna hiyo. Kila Ijumaa, kwa miaka mitatu, alikuwa anakuja na gunia tupu na hata kizimba hakigusi. "Nipe wawili, wale waliochoka," anasema. "Usiwafunge miguu."

Nami nilimpa. Nataka mlijue hilo mapema, kabla hamjaanza kuniona mtu mwema.

Nyumba yake imepakana na yangu kwa nyuma, tumetenganishwa na ukuta wa mabati. Alikuwa anafuga mbwa wa pitibuli, anazalisha na kuuza watoto wake kwa watu wa mji wetu wote wa Botshabelo. Ijumaa jioni nilikuwa nasikia kuku wangu wakipiga kelele upande ule, mbwa wakibweka, yeye akicheka na kuwachochea, "Mkamate! Mkamate!" Halafu kimya. Asubuhi manyoya yamerushwa na upepo mpaka kwenye kamba yangu ya nguo. Nilikuwa nayabandua kwenye gauni zangu za ndani, moja moja, mengine yana damu, na siku inaendelea. Phu! Hata sasa nikikumbuka mate yananijaa mdomoni.

Basi, mwezi wa nane mtoto Kamohelo, msichana wa miaka sita wa mtaa wa pili, alikamatwa na pitibuli akitoka dukani na mkate. Mwenye mbwa alitoroka. Watu walimpiga yule mbwa mawe, wakammwagia mafuta ya taa wakamchoma, huku wengine wakipiga picha. Mtoto alipona, ila mkono wake wa kulia hauwezi tena kushika hata kijiko.

Jumanne kamati ya mtaa ikaitisha mkutano kanisani. Mwenyekiti ni Mama Puseletso, mwanamke mwenye sauti ya kuuza samaki ingawa hajawahi kuuza kitu.

"Hawa mbwa ukali uko damuni!" alisema. "Wameumbwa kuua. Lile taya likishashika limeshika, mpaka ulivunje kwa nyundo!"

"Uongo huo, mama," Mwalimu Molefi akasimama na simu yake mkononi. "Hakuna taya linalojifunga. Nimesoma. Mbwa ni mbwa, ulizeni amelelewa vipi."

"Kamsomee Kamohelo!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Kwani kijibwa cha shangazi yako, Puseletso, hakikumng'ata mleta barua?" mwalimu akamgeukia mwenyekiti.

"Kiling'ata suruali! Huyu amekula mkono wa mtoto! Wewe mwalimu wa namna gani?"

Walibishana saa mbili. Na kila mmoja alikuwa na chake cha kweli, siwezi kumkatalia. Kichwa kile na kifua kile vikikurukia, si sawa na kijibwa cha shangazi. Na mwalimu naye hakukosea. Lakini kilichonikera ni kwamba nusu ya watu waliokuwa mle kanisani walikuwa wamenunua mbwa kwa Tshokolo. Wote swali lao lilikuwa moja, "Ana ukali?" Leo wamekunja mikono wanauliza ukali umetoka wapi.

Tshokolo mwenyewe akainuka. Kofia mkononi, uso mkavu.

"Mimi mbwa wangu nawalea kwa mapenzi," alisema. "Wanakula kabla sijala. Majirani zangu ni mashahidi."

Akanitazama. Nikatazama viatu vyangu.

Alipoona watu wanaguna, akageuza maneno hapo hapo. "Lakini mtoto ni mtoto, jamani. Alhamisi gari la watu wa wanyama likija, mimi nitakuwa wa kwanza. Nina watatu, natoa watatu!"

Vigelegele! Watu wazima na akili zao wakampigia vigelegele, Mama Puseletso akamkumbatia. Ikapitishwa kwamba kila pitibuli aondoke mtaani.

Sasa nikuelezeni habari ya Bontle. Alikuwa pitibuli jike wa Bibi Matshediso, jirani yangu wa upande wa kushoto. Mbwa wa madoa ya kahawia, kichwa kikubwa kama sufuria, mvivu hakuna mfano. Mchana kutwa alikuwa analala chini ya vizimba vyangu, vifaranga wanampanda mgongoni, naye anafumbua jicho moja tu. Alizaliwa kwa Tshokolo, ambaye alimpa Bibi bure kwa sababu mbwa huyo alizaliwa na mguu mmoja mbovu.

Bibi Matshediso ni kiziwi. Aliugua miaka kumi na moja iliyopita, masikio yakafa yote mawili. Anaishi peke yake. Mtu akigonga geti, Bontle alikuwa anaenda kumvuta Bibi sketi kwa meno, polepole, mpaka anainuka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na hakuna aliyemfundisha.

Alhamisi gari likaja. Ni lile lile jeupe la shirika la kutunza wanyama, linalokuja kila mwaka kuwachoma mbwa sindano ya kichaa. Tshokolo akaleta majike wawili wazee, matiti yanaburuta chini kwa kuzalishwa kila msimu, hata kutembea ni shida. Watu wakapiga makofi. Kisha nikamwona anaelekea kwa Bibi Matshediso na kamba.

Bibi alidhani ni sindano. Nani angemweleza vingine, na kwa mdomo gani? Alimfunga Bontle kamba yeye mwenyewe, akampapasa kichwa, akapaza sauti kama wafanyavyo viziwi, "Mwambieni daktari amchome polepole! Mwaka jana alilia!"

Tshokolo akamwonyesha kidole gumba. Mwanaharamu yule.

Na mimi? Mimi nilikuwa na mteja, mkono wake uko ndani ya kizimba. Nilisema nitamaliza kwanza. Nilipomaliza gari limekwisha fungwa. Dada wa gari, msichana mwenye ovaroli ya kijani, alitangaza kwamba mbwa wote watakaa kwao mpaka Jumatatu, mtu akibadili mawazo aende. Nikaishika hiyo Jumatatu. Nikajiambia, ipo nafasi.

Ijumaa Tshokolo huyo, na gunia lake.

"Wawili, Mama Disebo. Waliochoka. Usiwafunge."

Mikono yangu ilisimama. "Ntate, si umetoa mbwa wote?"

"Nimetoa watatu, kama nilivyoahidi," alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hesabu yake ilitimia kwa mbwa wa Bibi, na madume yake mawili, ambayo hakuyahesabu mkutanoni, yamebaki ndani.

"Hao kuku ni wa nini basi?"

"Ebo! Wewe muuza kuku au polisi?" Akacheka, akaniwekea pesa juu ya kizimba. "Miaka mitatu hujaniuliza."

Ni kweli, sikuwahi kumuuliza. Nikampa kuku wawili, miguu haikufungwa. Mnitemee mate, ni haki yenu. Jioni nilikaa jikoni nikiwa nimefungulia redio sauti ya juu kabisa, na bado niliwasikia.

Bibi Matshediso siku ile alishinda getini na bakuli la ugali na mifupa. "Hawajamrudisha?" aliniuliza kila nilipopita. "Sindano gani hiyo ya siku mbili?"

Jumamosi asubuhi kamati ilikutana tena kumshukuru Tshokolo. Walikuwa wamemwandalia chai na mandazi. Nikasimama kabla hajamimina sukari.

"Huyu ana madume mawili kwenye banda la nyuma," nilisema. "Mbwa wa tatu aliyemtoa ni wa Bibi Matshediso."

"Unajuaje?" Mama Puseletso akauliza.

"Kwa sababu mimi ndiye ninayewalisha. Miaka mitatu ninamuuzia kuku wazima awatupie mbwa wazoee kuua. Nilijua, na nilinyamaza."

Kikombe cha mtu kilianguka. "Na huoni haya?" mwanamke mmoja akasema. Nikamwambia ninaona, ila twende kwanza.

Tulikwenda watu kama ishirini. Banda lile, jamani! Harufu ilitupokea mlangoni. Mavi, damu iliyooza, manyoya yamegandamana sakafuni, miguu ya kuku imetapakaa pembeni. Madume mawili yamefungwa minyororo ya kuvutia magari, masikio yamekatwa kwa mkasi na vidonda bado vina nzi. Mmoja alikuwa na bawa la kuku wangu mdomoni.

Nikadhani sasa wameona. Nikadhani watamkamata Tshokolo shati.

"Ngojeni," Tshokolo akasema, mikono juu. "Mkutano ulisema pitibuli. Hawa si pitibuli. Hawa ni boeboli, mbwa wa ulinzi wa mashamba ya Makaburu. Nina karatasi zao ndani."

Watu wakatazamana. Wallahi, kama si macho yangu nisingeamini. Mama Puseletso akainama, amesimama juu ya manyoya na damu, akaanza kupima kichwa cha mbwa kwa mbali kwa shubiri ya mkono wake.

"Kweli, uso huu ni mpana," alisema.

"Pitibuli mkia wake ni mwembamba," mtu mwingine akadakia.

"Si mnaona!" Mwalimu Molefi akafungua simu. "Nilisema mimi, mnachanganya aina. Hebu ngoja niwaonyeshe picha."

Wakamzunguka mwalimu. Wote ishirini, vichwa juu ya simu, inzi wanawatua midomoni, wanabishana urefu wa pua. Nilitoka nje nikatapika ukutani mpaka nikabaki na maji ya njano. Kisha nikajifuta mdomo na kwenda kumchukua Bibi Matshediso.

Tulifika kwa watu wa wanyama kabla ya saa sita. Dada yule wa ovaroli ya kijani akafungua kitabu chake.

"Jike wa madoa, mguu mbovu," nilimwambia. "Ni wa bibi huyu. Alichukuliwa kwa hila."

"Hapa imeandikwa wa Ntate Tshokolo," alisema. "Wote watatu ni wake." Kidole chake kikasimama kwenye mstari. "Alituambia mwenyewe, tukiwa tunaondoka, kwamba wamefundishwa kwa kuku hai. Alisema hataki kuficha kitu."

"Si huyu! Huyu alikuwa analala na vifaranga!"

"Mama, waliofundishwa kuua hawasubiri Jumatatu. Ndiyo taratibu yetu." Hakuniangalia tena. "Tuliwalaza moja kwa moja, kwa sindano, jana asubuhi. Mimi mwenyewe nilishangaa, huyo alikuwa ananilamba mkono."

Jana asubuhi. Kabla Tshokolo hajaja na gunia lake.

Bibi alikuwa anatutazama midomo, mara mimi, mara yeye. "Anasemaje? Yuko wapi?"

Dada akaingia ndani, akarudi na kamba. Bibi Matshediso akaipokea, akaigeuza akatazama ncha zote mbili. Hakuuliza tena.

Nilimweleza njiani, kwa mikono, maana ningenyamaza tena ningekufa. Nilimwonyesha kuku, nikaonyesha miguu isiyofungwa, nikaonyesha ukuta wa Tshokolo, halafu nikajipiga kifuani, mimi, mimi. Alinitazama mpaka nilipomaliza. Akahamia upande wa pili wa barabara, akatembea peke yake mpaka nyumbani.

Yale madume yapo mpaka leo, kwa jina la boeboli. Kuku wangu hayapati tena, lakini wauza kuku ni wengi.

Jumapili nilichagua mtetea aliyenona kuliko wote. Nikamfunga miguu vizuri, nikaenda kwa Bibi Matshediso. Nikagonga geti. Dirishani nilimwona mgongo, amekaa anachambua maharage, kamba iko kwenye kiti pembeni yake. Nikaokota jiwe nikagonga bati kwa nguvu, mpaka majirani wakatoka nje.

"Mama Disebo, una wazimu? Unajua kabisa hasikii!"

Nilijua. Niliendelea kugonga.