Kigoda cha Babu Naftali

Babu Naftali alirudi Misigiri na chuma kwenye nyonga na maagizo ya nesi: asimame kila siku, atembee, la sivyo mgongo utaota vidonda. Baba mdogo Abraham akaongeza la kwake. Babu akiwa hajaweza kwenda chooni mwenyewe mpaka siku ya kliniki, anahamia kwake Dodoma. Babu akasema Dodoma ataenda akishakufa, na hata hapo wamrudishe.

Tukakaa kikao, nani amuuguze. Baba mdogo ni mwanawe, hawezi kumfokea. Mke wake ni mkwe, hata shuka ya mzee haigusi. Tukamchukua dada mmoja aliyesomea, Jenipher. Babu akamwitikia shikamoo vizuri sana, akamuuliza habari za kwao Ulemo, akamwambia mazoezi ataanza kesho. Alimwambia hivyo kila siku mpaka dada akaaga.

Macho yakaja kwangu. Nilikuwepo nyumbani tangu mimi na chuo tuachane.

"Mjukuu ni mtani wa babu yake," baba mdogo akasema. "Na wewe kazi huna, adabu huna. Mzee anahitaji mtu wa hivyo."

Nikaanza kwa kumwogesha, huku namwambia nimeshaona kuku walionyonyolewa wenye mapaja kumshinda. Akacheka. Kusimama akakataa.

Basi nikachukua kigoda chake, ambacho hata wanawe hawakikalii, nikakiweka mlangoni kwake, nikakaa.

"Mke wangu," nikamwita bibi Eliza, "nina njaa."

Bibi akaniletea ugali na mlenda kwenye bakuli la babu. Akaninawisha amepiga goti, heshima ambayo babu hajaiona tangu enzi za vijiji vya ujamaa.

Babu akaomba fimbo. Nikampa magongo. Akasimama, akanitukana kwa Kinyiramba, akapiga hatua, akanitukana kwa Kiswahili, akarudi kukaa. Toka hapo kila siku nikawa nasogeza kigoda: sebuleni, barazani, uani. Yeye nyuma.

Kliniki ikiwa kesho yake, baba mdogo akaja na gari. Jioni hiyo babu akanifikia uani. Gongo likatua begani, na halikuwa la utani. Akakaa kwenye kigoda, akamalizia ugali wangu, akaninong'oneza:

"Kesho kiweke chooni. Ndoo nimeichoka."

Asubuhi baba mdogo akanikuta nimekaa mlangoni mwa choo na uji wa babu mkononi. Akaniuliza nafanya nini pale.

Nikamwambia asogee, anaziba njia. Babu alikuwa nyuma yake, kashainua gongo.