Kiraka cha Mchekeshaji

Nakutegea wewe unayesikiliza: bwana harusi kapotea, bibi harusi kapotea, hesabu ya pilau ipo. Ni nini? Usinipe mji bado. Twende kwanza kwa Mariambai.

Mariambai alikaa ghorofa ya tisa, mtaa wa Flemingdon Park huko ughaibuni, na mjukuu wake Tazmin, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyemwita Nanima, yaani bibi. Baridi ile ya mwaka 2011 binti hakuwa na raha. Alikuwa akiandika tasnifu juu ya mchezo wa kuchekesha wa Uingereza, wa zaidi ya miaka mia nne iliyopita, uitwao *Mume wa Kuazima*. Maneno yake yamepotea yote. Umebaki ukurasa mmoja wa daftari la matumizi la mwenye jumba la maigizo.

"Nanima, profesa anasema labda haukuigizwa kamwe. Nisipopata ushahidi, Jumatatu ananibadilishia mada. Miaka miwili bure!"

"Kwani watu walicheka?"

"Nitajuaje? Daftari halicheki."

"Haya, nisomee."

Tazmin akasoma, akimfasiria. Mtunzi, pauni sita. Kitambaa cha gauni. Suruali mpya ya mchekeshaji. Kiraka, suruali ya mchekeshaji, makalioni. Siku nne baadaye, kiraka, palepale. Wiki iliyofuata, kiraka.

Mariambai akatua kikombe. Kule Tanga, yeye na mumewe, marehemu Jalaludin, walishona nguo za watu miaka ishirini, na kila kiraka kiliandikwa na mahali pake, maana wateja hukana kazi waliyofanyiwa. Kwa viraka alimjua mtu asiyemwona: kiwiko ni karani, goti ni fundi baiskeli.

"Vitabu vyote hivyo, macho huna!" akasema. "Nguo ya kabatini huliwa na nondo. Haipasuki makalio. Huyo bwana alikuwa akianguka."

"Labda mazoezini, Nanima."

"Na suruali mpya? Tajiri gani huyo? Mazoezini angemvisha tambara." Akamsogelea. "Haya, mara ya kwanza tuseme aliteleza. Mbona akaanguka tena, na tena, kwa matako yaleyale?"

Tazmin akautazama ukurasa. Kidole kikapita kiraka cha kwanza, cha pili, kikasimama kwenye cha tatu. Kicheko kikamtoka, cha kwanza tangu theluji ianze, na yeye ambaye siku zote humjibu bibi yake kwa Kiingereza, safari hii akajibu kwa Kiswahili:

"Walicheka, Nanima. Walicheka sana."